Klabu Ikihamishwa Mji, Shabiki Anabaki na Nini?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, ninaleta mbele yenu swali ambalo kila linapozuka huwagawa wapenzi wa soka: je, mmiliki wa klabu ya kulipwa ana haki ya kuichukua timu kutoka mji ilikozaliwa na kuipeleka mji mwingine, kwa sababu hesabu zake zinamwonyesha kwamba huko kuna faida? Ninaposema kuhama sisemi kujenga uwanja mpya mtaa wa pili, jambo ambalo klabu nyingi zimelifanya na mashabiki wakafuata kwa miguu. Nasema kuhama kule ambako shabiki anaamka asubuhi na kukuta timu ingali ipo na wachezaji ni wale wale, lakini si ya kwao tena.

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Mmiliki ana hisa, ana mikataba ya wachezaji na ana madeni, na hivyo ni vyake kweli. Jina, rangi, makombe na ile nafasi katika ligi vimetafutwa na watu wengi kwa miaka mingi, baadhi yao wameshazikwa, na sioni ni kwa msingi gani vitu hivyo vinaweza kupakiwa pamoja na samani za ofisi bila ridhaa ya waliobaki.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Wimbledon, klabu ya kusini-magharibi mwa London iliyoanzishwa mwaka 1889. Ilikaa miongo mingi katika soka la ridhaa, ikaingia Ligi ya Soka ya Uingereza, yaani madaraja ya soka la kulipwa, mwaka 1977, na mwaka 1986 ikapanda daraja la juu kabisa. Mwaka 1988 ilichukua Kombe la FA kwa kuifunga Liverpool bao 1-0, Lawrie Sanchez akifunga kwa kichwa na kipa Dave Beasant akipangua penalti ya John Aldridge. Miaka 3 baadaye iliondoka katika uwanja wake wa Plough Lane, kwa maelezo kwamba usingeweza kufikishwa kwenye masharti mapya yaliyotaka kila mtazamaji awe na kiti, ikawa mpangaji katika uwanja wa Selhurst Park wa Crystal Palace. Kwa maoni yangu kuhama kulianzia pale, kwa maana timu iliyokwisha kupoteza nyumba yake haina kinachoishika chini.

Agosti 2001 viongozi wa klabu walitangaza nia ya kuipeleka Milton Keynes, takriban kilomita 90 kutoka Wimbledon. Ligi ilikataa. Shauri likaendelea hadi tarehe 28 Mei 2002, ambapo tume huru ya watu watatu iliyoteuliwa na Chama cha Soka iliamua, kwa kura 2 dhidi ya 1, kwamba klabu iruhusiwe kwenda. Naomba tusimame hapa kidogo. Watu wawili walitosha kuiondoa klabu yenye historia ya miaka 113, na katika kura zile hapakuwa na hata moja ya shabiki. Zaidi ya hapo, taarifa ya tume ilisema kwamba mashabiki kuanzisha klabu nyingine ya Wimbledon hakungekuwa kwa maslahi mapana ya soka. Kila ninapolikumbuka neno hilo hujiuliza ni soka la nani lililokuwa likizungumzwa.

Mashabiki waliianzisha hata hivyo. Mwezi uliofuata walitangaza majaribio ya wachezaji katika uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, yeyote asiye na timu aje na viatu vyake, na wakajitokeza wachezaji wapatao 230. AFC Wimbledon ilianza katika ngazi ya 9 ya soka la Uingereza. Mechi yake ya kwanza kabisa, ya kirafiki tu dhidi ya Sutton United, ilitazamwa na watu zaidi ya 4,000, nayo ikafungwa mabao 4-0. Miezi michache baadaye, Oktoba 2002, klabu yenye leseni, ambayo bado ilikuwa Selhurst Park ikisubiri kuhama, ilicheza mechi ya ligi dhidi ya Rotherham mbele ya watu 849. Hebu vuteni picha ya uwanja wenye viti zaidi ya 26,000 ukiwa na watu 849, safu kwa safu za viti vilivyokunjwa, katika daraja la pili la nchi. Hayo ndiyo majibu yangu kwa wanaosema kwamba shabiki huifuata timu popote iendapo. Karibu, nanyi mtoe ya kwenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeandika kwa uchungu na uchungu huo ninauheshimu, lakini umeuruka upande wa hesabu, na soka la kulipwa bila hesabu halipo. Wimbledon haikuwa ikijaza uwanja hata ilipokuwa Ligi Kuu. Ilishuka daraja mwaka 2000 pamoja na mapato ya Ligi Kuu, na Juni 2003 ikawekwa chini ya usimamizi wa wafilisi. Wachezaji walikuwa wakitaka mishahara, na mwenye nyumba alikuwa akitaka kodi yake. Mmiliki aliyekuwa akitoa fedha mfukoni mwezi baada ya mwezi angeendelea mpaka lini ili kulinda kumbukumbu za watu ambao wengi wao hawakuwa wakinunua tiketi?

Pili, unazungumza kana kwamba kuhama ni dhambi ya jana. Arsenal ilizaliwa Woolwich, kusini mwa mto Thames, na ikaitwa Woolwich Arsenal. Mwaka 1913 ilivuka mto na kwenda Highbury, kaskazini mwa London, kwa sababu kule ilikokuwa watazamaji walikuwa haba na fedha hazikutosha. Tottenham, waliokuwa jirani wa eneo lile, walipinga. Leo ni nani anayeiita Arsenal timu ya wizi? Muda umepita, vizazi vimezaliwa, na Highbury yenyewe iliachwa mwaka 2006 huku watu wakiililia kana kwamba ndiko klabu ilikotoka.

Tena kuna upande ambao mjadala wa namna hii huusahau, nao ni mji unaopokea. Milton Keynes ni mji mpya wa kupangwa, uliotangazwa rasmi mwaka 1967, haukuwa na klabu hata moja katika ligi ya kulipwa, na leo una uwanja wenye viti zaidi ya 30,000. Mtoto aliyezaliwa kule mwaka ule timu ilipofika sasa ni mtu mzima. Hakumwibia mtu chochote. Alipelekwa uwanjani na mzazi wake akaipenda timu aliyoikuta. Ukisema nafasi ile ya ligi haikuwa halali, unamwambia nini huyo?

Mchangiaji wa pili

Naomba nichangie kutoka upande wa shabiki wa mbali, kwa kuwa wengi wetu tunaosoma hapa ndio sisi. Timu niipendayo sijawahi kukanyaga uwanja wake. Ikihamishwa kesho kwenda mji mwingine wa nchi ile ile, mimi nitaendelea kukaa mbele ya televisheni ile ile saa ile ile, na mtu angeweza kudhani kwamba haitanihusu. Nimelifikiria jambo hili na nimeona kwamba litanihusu sana. Ninachokipenda katika timu ile ni pamoja na watu ninaowasikia nyuma ya sauti ya mtangazaji, nyimbo zao, namna wanavyonyamaza ghafla mpira unapogonga mwamba. Mapenzi yangu nimeyaazima kwao. Wakiondolewa wao, mimi nabaki na jezi tu.

Jambo la pili nililotaka kulileta linatoka katika mpira wa Kimarekani, ambako kuhamisha timu ni desturi ya muda mrefu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, malori ya kampuni ya Mayflower yaliipakia timu ya Colts, vifaa na kila kitu, yakaiondoa Baltimore kwenda Indianapolis kabla mji haujaamka. Timu ile ilikuwa na bendi ya mashabiki ya kupiga muziki uwanjani, na sare za bendi hazikubebwa kwa sababu usiku ule zilikuwa kwa dobi. Wanabendi walizichukua sare zao na wakaendelea kupiga, bila timu, kwa miaka 12. Walikuwa wakipita katika maandamano ya sherehe na katika viwanja vya timu za watu wengine, wakiwa na rangi za timu ambayo haikuwepo tena mjini, mpaka mji ulipopata timu nyingine mwaka 1996. Namuuliza ndugu yangu mchangiaji wa kwanza: katika vitabu vya mahesabu, watu wale wanaandikwa safu gani?

Hata hivyo nisiwe wa upande mmoja. Timu ambayo Baltimore waliipata mwaka 1996 ilitoka Cleveland, ambako mashabiki walifanyiwa kilekile walichofanyiwa wao.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili. Nianze na hoja ya Arsenal, kwa kuwa ndiyo inayonipa kazi. Ni kweli, watu wa Woolwich walipoteza klabu yao, na kwamba sisi leo hatukusikii kilio chao ni kwa sababu wenye kilio hicho hawapo tena duniani. Kupita kwa muda kunatuzoesha jambo, hakulihalalishi. Lakini iko tofauti: Arsenal ilibaki katika jiji lile lile, na aliyetaka kweli kuifuata aliweza kupanda gari moshi akaenda akarudi siku hiyo hiyo. Aliyebaki Wimbledon aliambiwa kwamba timu yake sasa ni ya mji mwingine na, kuanzia mwaka 2004, ina jina la mji huo.

Kuhusu hesabu, sikatai kwamba mmiliki anaweza kuchoka. Achoke, lakini auze kwanza kwa walio nyumbani kabla ya kupakia malori. Cleveland ilipopokonywa timu yake ya Browns, tangazo likitolewa Novemba 1995, mji ulikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano kwamba mmiliki aende na wachezaji wake, lakini jina, rangi na kumbukumbu zote za timu zibaki Cleveland. Timu iliyokwenda Baltimore ikalazimika kujiita jina jipya, Ravens, na mwaka 1999 Cleveland ikarudishiwa Browns yake. Wachezaji walikuwa wapya kabisa, lakini hakuna shabiki aliyesema kwamba hiyo ni timu nyingine. Tukio hilo linanionyesha kuliko maelezo yoyote ni wapi hasa klabu inakokaa.

Jimbo la Ohio, uliko mji wa Cleveland, halikuishia hapo. Mwaka 1996 lilipitisha sheria kwamba timu inayotumia uwanja uliojengwa au kusaidiwa kwa fedha za umma haiwezi kuondoka bila ridhaa ya mji, isipokuwa itoe taarifa ya miezi 6 na watu wa eneo hilo wapewe nafasi ya kuinunua. Sheria hiyo ilikaa kabatini zaidi ya miaka 20. Kisha, Oktoba 2017, mmiliki wa Columbus Crew, klabu ya mji wa Columbus katika jimbo hilo hilo na moja ya klabu zilizoianzisha ligi kuu ya soka ya Marekani mwaka 1996, akatangaza kwamba uwanja mpya usipopatikana katikati ya mji ataipeleka timu Austin, Texas. Mashabiki walijipanga, jimbo na mji wakafungua kesi kwa sheria ile ile, wakapatikana wanunuzi, na timu ikabaki. Ilichukua ubingwa mwaka 2020, ikauchukua tena mwaka 2023. Ndugu mchangiaji wa kwanza, hapo hesabu zilikuwepo na hakuna aliyezidharau. Kilichoongezwa ni sharti kwamba mashabiki wasikilizwe kabla ya uamuzi.

Uingereza nayo imejifunza, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya mwaka 2025 ya uendeshaji wa soka inaitaka klabu ipate kibali cha msimamizi huru kabla ya kuuza au kuhama uwanja wake wa nyumbani, na nembo pamoja na rangi kuu za jezi haziguswi bila kuungwa mkono na mashabiki. Sheria kama hiyo ingekuwepo mwaka 2002, kura 2 zisingetosha.

Sasa yule kijana wa Milton Keynes, ambaye ndiye swali zito kuliko yote mliyoleta. Simwambii kwamba mapenzi yake si halali, na sitaki timu yake ivunjwe. Klabu yake yenyewe ilikubali mwaka 2006 kwamba makombe na kumbukumbu za Wimbledon zirudi eneo la Merton, ambako ndiko Wimbledon ilipo, na kwa hilo ninaiheshimu. Nao AFC Wimbledon walipanda ngazi kwa ngazi hadi wakaingia Ligi ya Soka mwaka 2011, na tarehe 3 Novemba 2020 wakacheza mechi ya kwanza katika uwanja mpya wa Plough Lane, majukwaa yakiwa matupu kwa sababu ya korona, baada ya miaka 29 ya kuwa nje ya mtaa wao.

Ninachosema ni kwamba yule kijana alistahili timu iliyoanzia kwao. Columbus walipofanikiwa kuibakiza timu yao, Austin hawakukosa. Walipewa klabu yao wenyewe, ikaanza kucheza mwaka 2021 ikiwa na jina lake na rangi zake, na hakuna mtu popote anayeitazama akihesabu alichonyang'anywa.