Gego la mwisho la mdogo wangu limelalia mshipa, kweli tuvuke bahari kwa ajili ya picha ya 3D?

KarafuuChake: Asalaam aleikum jamani, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 24, gego la mwisho la chini limelala ubavu na lishamvimbisha mara tatu tokea Ramadhani, taya linakaza hata uji anaunywa kwa kijiko cha chai. Tumepiga eksirei ile bapa ya mdomo mzima, daktari akaishika kwenye mwanga wa dirisha akanionesha mistari miwili myeupe myembamba, kasema katikati yake ndo unapita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini, sasa ikifika kwenye mzizi wa jino lile mistari yote inapotea. Hang'oi mpaka apate picha ya 3D, eti siku hizi akili mnemba inauchora huo mshipa. Toka Chake mpaka Unguja na pengine Dar juu yake, gharama si ndogo. Jirani anasema ang'olewe tu. Na hiyo mionzi je?

MamaWawili: Kaka msimsikilize jirani. Mie nilitolewa hivyo hivyo bila ya picha hiyo, ganzi ikakataa kuondoka. Chai ilikuwa inanichuruzika kidevuni sijijui, mwanangu ndo ananambia mama futa. Mpaka leo kuna pahala kidevuni hapana hisia.

Fundi_Eksirei: Hiyo si CT ile kubwa ya kulala, inaitwa CBCT, mtu anasimama au anakaa, kidevu kwenye kishikio, mashine inamzunguka kichwa mara moja, haimalizi dakika. Mionzi yake kwa kawaida ni pungufu ya CT ya hospitali ila inazidi ile bapa, kwa hiyo haipigwi ovyo, lakini kwenu sababu ipo. Ombeni ipigwe sehemu ya jino tu sio taya zima. Avue hereni, kipini na pini za mtandio, atulie kabisa, na kama ana mimba aseme mapema.

TabibuWaMeno: Akili mnemba inapitia picha slesi kwa slesi kama boflo na kuupaka mshipa rangi, kazi ambayo kwa mkono inanila muda, inasaidia kweli. Lakini kuta za mfereji, yaani njia ya ndani ya mfupa anamopita mshipa huo, zikiwa hazionekani vizuri, na mara nyingi ni pale pale karibu na mzizi tunapopataka, inaweza kukosea mstari, na meno yenye chuma yanachafua picha, kwa hiyo daktari lazima azipitie slesi mwenyewe. Muulizeni mshipa uko upande wa ulimi au wa shavu, na kuna mfupa umebaki katikati? Ukiwa umegusana kabisa ipo njia ya kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi ndani, koronektomi. Hata na picha ganzi inaweza kutokea, hilo mlijue kabla. Na akivimba tena akashindwa kumeza au kufungua mdomo msisubiri boti, hospitali hapo hapo!

KarafuuChake: Ahsanteni sana, dada MamaWawili Allah akuponye. Sasa picha nikirudi nayo Pemba daktari ataifungulia wapi?

Fundi_Eksirei: Chukua faili zima la picha, aina inayoitwa DICOM ambayo ndo mfumo wa picha za hospitali, kwenye CD au flashi, ukipewa karatasi tu rudi ukaombe. CD nyingi zina programu ya kufungulia humo humo.

KarafuuChake: Basi Jumamosi tunapanda boti inshaallah, kipini keshavua.