Hisa za sacco zimeshuka, mkaguzi anataka tuandike hasara. Nitie sahihi barua ya kupinga?

Hazina_Njoro
Wadau, hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa sacco ya wakulima huku Njoro. Tulinunua hisa za kampuni moja pale soko la Nairobi kwa shilingi 38. Leo ni 15. Mkaguzi anasema vitabu vionyeshe 15, na tukimsikiliza, faida ya mwaka imekwenda, mgao hakuna. Mkutano mkuu ni mwezi ujao, na wanachama wengine walishakopa mbegu wakitegemea mgao huo.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, anasema hatujauza kwa hivyo hatujapoteza, na kwamba Marekani yenyewe ililegeza sheria hii benki zilipozama 2008. Ameandika barua kwa SASRA, mdhibiti wa sacco nchini, kuomba tulegezewe. Inangoja sahihi yangu.

Jirani_Molo
Ng'ombe akikonda bei ya mnada hushuka, lakini maziwa si bado unakama? Tia sahihi.

Mkaguzi_Mstaafu_Kisumu
Jirani, ng'ombe huyo ukimtoa dhamana kwa bei ya alipokuwa mnono, utakuwa umemdanganya anayekukopesha.

Dada, mwalimu hajakosea, ila amesimulia nusu. Lehman, benki kubwa ya Marekani, ilianguka tarehe 15 Septemba 2008. Sheria ya Marekani ya kuokoa benki, ya tarehe 3 Oktoba, ilitenga dola bilioni 700, na humo humo ikampa mdhibiti wa soko la mitaji uwezo wa kusimamisha kanuni ya thamani ya soko, yaani mali kuandikwa kwa bei yake ya leo sokoni. Iliagiza pia uchunguzi, na ripoti ya tarehe 30 Desemba ikashauri isisimamishwe. Wabunge hawakutulia. Machi 2009 waliwaita waandishi wa kanuni za uhasibu wakawabana, na tarehe 2 Aprili kanuni ikalegezwa.

Ililegezewa nini sasa? Hati za uwekezaji zilizotokana na mikopo ya nyumba, ambazo hazikuwa na mnunuzi, au zilizokuwa zikiuzwa kwa kusukumwa na shida. Hapo benki iliweza kutumia makadirio yake. Hisa zenu zinauzwa Nairobi kila siku ya kazi na bei inasomeka kwenye simu. Hata kwa kanuni ile iliyolegezwa mngeandika 15.

Mdau_Kakamega
Na Ulaya je? Oktoba 2008 waandishi wa kanuni za uhasibu wa London waliruhusu mali zihamishwe fungu vitabuni ili zisifuate bei ya soko, tena kwa kurudisha tarehe hadi 1 Julai. Wakubwa wakibanwa kanuni hupinda. Mnyonge anaambiwa afuate kitabu.

Mkaguzi_Mstaafu_Kisumu
Hilo silibishi, na liliniudhi wakati huo. Lakini SASRA haiandiki kanuni za uhasibu. Zinatoka huko London, na Kenya inazifuata tangu 1999. Barua hiyo inabisha mlango usio wake.

Halafu kumbuka waliolegezewa walikuwa na serikali mgongoni. Benki ikianguka hapa, KDIC, shirika la bima ya amana za benki, inamlinda mweka akiba hadi shilingi 500,000. Sacco haimo. Mkigawa faida ambayo haipo, mnagawa akiba za wanachama wenyewe.

Kuna jambo moja la kutazama kabla ya yote. Siku mliponunua, mliandika kwamba hisa hizo ni za kushikilia muda mrefu na mabadiliko ya bei yaende kwenye akiba ya mtaji? IFRS 9, kanuni ya uhasibu inayohusu hisa kama hizi, inaruhusu, lakini uamuzi hufanywa siku ya kununua na haubadilishwi. Kama mliandika, 15 itaonekana kwenye mizania bila kugusa faida ya mwaka. Tafuta kumbukumbu za kikao.

Jirani_Molo
Kumbe. Mimi narudi kwa ng'ombe wangu.

Hazina_Njoro
Nimeshinda stoo tangu asubuhi. Faili ipo, panya wameitafuna pembeni. Kumbukumbu zina bei, idadi ya hisa na chai iliyonywewa siku hiyo. Kuhusu fungu la kushikilia muda mrefu, hakuna neno. Kwa hivyo hasara inaingia kwenye faida.

Barua sitii sahihi. Mzee wa Kisumu, una nafasi Jumamosi? Mwenyekiti alikuwa mwalimu wangu darasa la sita, na peke yangu sitaweza kumwambia.

Mkaguzi_Mstaafu_Kisumu
Nauli ya matatu ni yenu. Nitafika saa nne.