Rampu ya zahanati: veranda ina kimo cha sm 62, fundi anasema mita 3 zinatosha

Mjumbe_Kamati
Wakuu, habari za majukumu. Tunamalizia zahanati ya kijiji. Boma limeshaezekwa, bado sakafu, milango, vyoo na njia za nje. Sakafu ya veranda iko sm 62 juu ya ardhi kwa sababu eneo hili hutuamisha maji masika. Veranda ina urefu wa mita 14.2 na upana wa mita 1.5. Mlango wa mapokezi uko kushoto kabisa, na ngazi ziko hapo hapo. Geti liko upande wa kulia. Kutoka ukingo wa veranda hadi uzio wa mbele ni mita 5.8, na gari la wagonjwa lazima lipite.

Fundi anataka kumwaga rampu (njia ya mteremko ya viti mwendo) ya mita 3 iliyonyooka mbele ya ngazi, anasema zahanati zote ndivyo zilivyo. Choo kimoja tumekitenga kwa wenye ulemavu, ukubwa ni mita 1.5 kwa 2.2, fremu ya mlango bado haijawekwa. Naomba vipimo na makadirio ya vifaa kabla hatujanunua saruji.

Pimamaji
Mkuu, mzuie kwanza. Sm 62 kwa mita 3 ni mteremko wa karibu 1 kwa 5. Hapo hata anayesukumwa na ndugu yake atashuka kinyumenyume, na mvua ikinyesha wote wawili wanateleza. Kiwango kinachotajwa kila mahali ni 1 kwa 12, yaani kila sm 1 ya kimo unaipa sm 12 za urefu. Kwa kimo chako ni mita 7.44. Ila 1 kwa 12 ndio mwisho wa kuvumilika. Mtu anayejisukuma mwenyewe, tena mgonjwa, anahitaji 1 kwa 15, na wewe nafasi unayo.

Usiielekeze kwenye uzio, ilaze sambamba na veranda. Sm 62 mara 15 ni mita 9.3. Zigawe vipande viwili vya mita 4.65, katikati weka kituo bapa cha mita 1.5 cha kupumzikia. Juu, jirani na ngazi, weka bapa jingine la mita 1.5 linalofungukia veranda. Jumla mita 12.3. Ukiziachia ngazi mita 1.6 unafika 13.9, ndani ya 14.2 zako. Chini kabisa mwaga bapa la mita 1.5, litapita kona ya jengo kidogo, na hapo ndipo anapofika mtu anayetoka getini. Upana wa kupita uwe mita 1.2, ukijumlisha kingo mbili za sm 15 unapata mita 1.5. Gari linabakiwa na mita 4.3.

Ngazi usizibomoe. Anayetembelea magongo mara nyingi huona ngazi fupi ni nafuu kuliko mteremko mrefu. Sm 62 gawa kwa nne, kila kipandio sm 15.5, mahali pa kukanyaga sm 30, na vipandio vyote vilingane. Kimoja kikizidi hata sm 2, hicho ndicho watu watakachojikwaa kila siku.

Nondo_na_Kokoto
Naongezea vifaa kwa ramani ya Pimamaji.

Ukuta wa nje wa rampu jenga kwa tofali za inchi 6, andaa kama 110 pamoja na kozi (safu) mbili za chini ya ardhi. Ukuta wa ndani ni veranda yenyewe. Kifusi cha kujaza kikishashindiliwa ni kama mita za ujazo 4, kwa hiyo agiza 5 na kidogo. Zege la juu la unene wa sm 10 ni karibu mita za ujazo 2 ukiweka na upotevu. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 13 ya saruji, mchanga mita za ujazo 0.9, kokoto 1.8. Ukijumlisha msingi, kujengea na lipu, nunua mifuko 20. Tandika wavu wa chuma wa BRC, na uuinue kwa vipande vya zege usilale kwenye kifusi.

Rampu nyingi hazifi kwa zege bovu, zinafia kwenye kifusi. Fundi anajaza mabaki ya tofali na udongo wa mfinyanzi kwa mkupuo mmoja, anakanyaga kwa miguu, anamwaga. Masika mawili yakipita kifusi kimekaa, zege limepasuka pale rampu inapokutana na bapa, na panatokea kidato cha sm 2. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo yanakwama hapo, kiti kinasimama ghafla, aliyekalia anaenda mbele. Jaza kifusi tabaka la sm 15, lowesha, shindilia, ndipo uweke tabaka lingine.

Juu usipige niru (saruji laini ya kung'arisha). Zege likianza kukauka pitisha ufagio mgumu kwa kukingama njia, mistari iwe midogo tu. Yale matuta mafundi wanayochora kama ya kupandishia pikipiki ni adha kwa kiti mwendo na mtego kwa ncha ya gongo. Mwagilia siku 7.

Na kabla ya kumwaga, kagua mwenyewe, haihitaji injinia. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1.2, ulaze kwenye mteremko, ncha ya ubao iliyo upande wa chini wa rampu iinue kwa kipande cha mti cha sm 8, juu ya ubao weka pima maji. Povu likikaa katikati, una 1 kwa 15. Povu likikimbilia upande wa juu wa rampu, mteremko umezidi. Rudia kila mita moja, maana mafundi hupenda kubana mwanzo halafu wakamalizia ghafla mwishoni.

Mjumbe_Kamati
Ahsanteni sana. Fundi ameuliza mambo mawili. Reli ni lazima pande zote mbili? Na kwa nini zege lisinyanyuliwe kidogo pale chini ili maji ya uwanjani yasipande?

Pimamaji
Reli pande zote, ndiyo. Aliyepooza upande wa kulia akipanda anashika kushoto, akishuka mkono huo huo unahitaji reli ya upande wa pili. Weka mbili kwa kila upande, ya juu sm 90, ya chini sm 70 kwa watoto na wanaojivuta wakiwa wamekaa. Bomba la galvanaizi la inchi moja na robo, unene wake wa nje ni kama milimita 42, mkono unalizunguka vizuri. La inchi mbili ni la uzio, halishikiki. Vishikilio vichomelewe kutoka chini ili mkono upite bila kukatizwa. Kila mwisho wa reli upitilize sm 30 kisha ukunjwe kuelekea chini, usiache ncha ya kuchoma mtu tumboni au kunasa khanga. Kwa nguzo za kila mita 1.5, mabomba ya mita 6 yatakwenda kama 13. Ukingo wa zege wa kimo cha sm 10 pembeni usiusahau, ndio unaozuia gurudumu lisitoke.

Kuhusu kunyanyua chini: hapana. Kidato cha sm 2 pale ni sawa na kutokujenga rampu. Maji yaondoe kwa kulaza bapa kidogo kuelekea pembeni, sm 1 kwa kila sm 50, isizidi hapo, na mfereji upite kando. Mfereji ukikatiza njia, matundu ya mfuniko yasizidi milimita 13 na yalale kukingama mwendo.

Halafu tazama juu. Paa la veranda linamwaga maji wapi? Nina hakika ni ukingoni, yaani juu ya rampu mpya. Funga gata (mfereji wa paa) kabla ya yote, ulipeleke kwenye simtenki ya choo.

Mama_Vyoo
Tuje chooni, maana ndiko hela nyingi hupotea.

Mita 1.5 kwa 2.2 inatosha kwa shida, kwa sharti mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, mtu akiingia na kiti hawezi kuufunga, na akianguka nyuma ya mlango hakuna wa kumfikia. Uwazi wa kupita uwe sm 90. Angalia hapa: mlango unaouzwa kama wa sm 90 ukishatoa unene wa mlango wenyewe na midomo ya fremu unabaki na sm 80 na ushee. Agiza fremu ya mita moja. Kitasa kiwe cha mkono wa kubonyeza, si cha duara, na ndani weka bomba la kulala la kuvutia mlango.

Choo kiwe cha kukaa, juu ya kiti sm 45 hadi 48 kutoka sakafuni ili kilingane na kiti mwendo. Katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni sm 45, upande wa pili ubaki wazi kwa sm 90 ili mtu asogeze kiti na kujihamisha. Ukutani weka bomba la kushikia la inchi moja, kimo sm 70, nafasi ya sm 4 au 5 kati ya bomba na ukuta. Upande wa wazi weka lile la kukunja.

Bomba hilo linabeba uzito wote wa mtu kwa sekunde kadhaa. Skrubu na plagi za plastiki kwenye tofali zenye matundu hazitafika mwaka. Matundu ya tofali tatu eneo la kila kishikilio yajazwe zege na vyuma vizikwe humo kabla ya marumaru. Ukishapiga marumaru ndipo ukumbuke, utatoboa na kupasua.

Mlangoni wasijenge kile kizuizi cha sm 10 cha kuzuia maji yasitoke. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji. Koki iwe kimo cha sm 80, mtu aifikie akiwa amekaa chooni, na iwe ya mkono wa kusukuma. Sinki liache nafasi ya magoti sm 70, bila kabati chini.

Halafu choo hicho msikigeuze stoo ya ndoo na mafagio huku ufunguo uko kwa mhudumu aliyeenda sokoni.

Fimbo_Nyeupe
Mnamjengea mwenye kiti tu. Asiyeona anafikaje kwenye hiyo rampu? Weka vigae vya vinundu, safu mbili, mwanzo na mwisho wa rampu na pale juu ngazi zinapoanzia. Vinundu maana yake simama, kuna badiliko. Mistari mirefu maana yake fuata. Mjapani Seiichi Miyake ndiye aliyevibuni, vikatandikwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967, na hadi leo kuna mafundi wanaovipanga kama urembo, mistari ikaishia kwenye nguzo. Kama havipatikani kwenu, badilisheni uso wa sakafu uwe wa kokoto ndogo zilizozama, mguu na fimbo vitahisi. Ukingo wa kila ngazi upake mstari wa njano wa sm 5, wenye uoni hafifu wanauona.

Na dirisha la mapokezi lishusheni liwe sm 80. Aliyekaa kwenye kiti asiongee na ukuta.

Mjumbe_Kamati
Dirisha la mapokezi lipo sm 110, tutakata tofali kesho kabla lipu haijapigwa. Gata halikuwemo kwenye mchanganuo kabisa. Pimamaji, paa linadondokea sm 20 nje ya ukingo wa veranda, umelenga kabisa. Nikiwa na mabomba 13, niongeze ya choo au yametosha?

Nondo_na_Kokoto
Ongeza moja, la inchi moja. Na la rampu mwambie mchomeleaji asage maungio yote hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa, kisha ndipo umlipe.