Naomba ushauri: kuumikwa kwa kuchanjwa, Bukavu

Wandugu, naomba mnielekeze mtu wa vantuzi (kuumika, yaani kubandika vikombe vinavyovuta ngozi) huku Kadutu ao Ibanda, kwa mgongo. Ile kavu, isiyotoa damu, naijua: kikombe dakika 5 mpaka 10, alama zinaisha ndani ya wiki moja ao mbili, kikikaa zaidi, ngozi inatoa malengelenge. Shida ni ile ya kuchanja ngozi kwa wembe ili kikombe kivute damu. Wembe ufunguliwe mbele ya mgonjwa, glavu mpya, vikombe vya plastiki vitupwe, maana virusi vya hepatiti B (ugonjwa wa ini) vinaweza kuishi siku 7 ao zaidi hata damu ikikauka. Pembe ya ng'ombe, ile wengine wanatumia kama kikombe, haisafishiki vizuri, tusidanganyane. Anayekunywa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwenye upungufu wa damu ao mjamzito asichanjwe. Nani anafuata hayo yote? Na anapima presha kwanza?