Tupeane uzoefu: setapu iliyofungwa au setapu huria kwenye mbio za simuleta

MlangoWaKona (mleta mada)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoendesha michezo ya kompyuta inayoiga mbio za magari: iRacing, Assetto Corsa Competizione (ACC), Gran Turismo 7 na mingineyo ya jamii hiyo. Mbio za mtandaoni ziko za aina mbili. Kuna setapu iliyofungwa, ambapo wote mnaendesha gari lenye mpangilio uleule, na kuna setapu huria, ambapo kila mtu anapanga springi, bawa (linalokandamiza gari chini kwa upepo), difu (inayogawa nguvu kati ya tairi za kulia na kushoto) na presha ya tairi anavyotaka. Naomba tuongee kwa namba na hatua, maana "inategemea" peke yake haimsaidii mtu.

Nianze na jambo linalosahaulika sana. Setapu ikifungwa, bado kuna vitu viko mkononi mwako. Kwenye magari mengi mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma unabadilishwa ukiwa barabarani, na ABS (inayozuia tairi kujifunga kwenye breki) na kizuia mtelezo (kinachokata nguvu ya injini tairi zikiteleza) vilevile kama gari linavyo. Hata Gran Turismo 7 ikikataza marekebisho ya gari, mgawanyo wa breki haufungwi. Vipe vitufe kwenye usukani kabla ya mbio. Ukilazimika kupapasa kibodi katikati ya kona, hutavitumia kabisa.

BrekiMpakaKilele

Mkuu umegusa penyewe. Setapu zinazofungwa hutengenezwa ziwe salama kwa watu wengi, kwa hiyo gari karibu kila mara husukuma pua nje ya kona. Ndipo utasikia watu wakilalamika kwamba setapu mbovu, wakati tatizo liko kwenye mguu.

Angalieni kinachotokea. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu zote, anafika mahali pa kugeuza, anaachia pedali kwa mkupuo mmoja. Uzito uliokuwa umelalia tairi za mbele unarudi nyuma papo hapo, pua inanyanyuka, tairi za mbele zinapoteza mshiko pale pale zinapohitajika. Anaongeza usukani, tairi zinazidi kuburuzika na kupata moto, na kona inayofuata inakuwa mbaya zaidi.

Dawa yake ni kuachia breki kadiri unavyoongeza usukani: kutoka asilimia 100 shuka 60, 40, 20, hadi sifuri unapokaribia kilele cha kona (pale gari linapokuwa karibu zaidi na ukingo wa ndani). Gari likikataa bado, rudisha mgawanyo wa breki nyuma kwa asilimia 0.5, endesha mizunguko miwili, kisha 0.5 nyingine. Dalili kwamba umepitiliza ni mkia kuanza kutikisika gari likiwa bado limenyooka, hasa unaposhusha gia. Hapo rudi mbele hatua moja uishie hapo.

Angalizo la kizuia mtelezo: namba kubwa haimaanishi ulinzi mkubwa kwenye kila gari. Kuna magari ambayo mpangilio umegeuzwa. Jaribu kwenye mazoezi, kona ya gia ya pili, usikilize injini inavyokatwa.

UpepoNaMoto

Kwenye setapu huria, kitu cha kwanza kugusa ni presha. Usiguse springi wala difu kabla presha haijakaa, kwa sababu kila utakachohisi kwenye usukani kitakuwa cha uongo.

Unachopanga gereji ni presha ya tairi baridi, kinachokuhusu ni presha ya tairi ikiwa ya moto. Tairi iliyojazwa psi 20 hewa yake ikiwa nyuzi 25, ikifika nyuzi 85 inasoma karibu psi 27. Kwenye ACC, tangu toleo la 1.9, tairi za kavu za GT3 (daraja la magari ya mbio yaliyotokana na magari ya barabarani) hufanya kazi vizuri kati ya 26 na 27 zikiwa za moto, na za mvua karibu 30. Maelezo ya zamani yanayotaja 27.5 na kuendelea ni ya matoleo yaliyopita, msiyafuate.

Hatua ni hizi: weka mafuta ya mbio, endesha mizunguko mitano kwa kasi ya kawaida, soma presha za tairi zote nne kabla hujasimama. Kulia kukisoma 27.4 na kushoto 26.5, punguza 0.9 kulia. Usizilinganishe gereji, kwa sababu njia yenye kona nyingi za kulia hupasha zaidi tairi za kushoto, na kinyume chake. Joto la hewa likishuka nyuzi 5 kati ya mazoezi na mbio, ongeza kama 0.5.

Hapa ndipo setapu iliyofungwa inapoumiza. Seva ikiwa na hali ya hewa inayobadilika na presha imefungwa, wote mnaendesha nje ya kiwango. Haki ipo, lakini gari halina raha.

KamatiYaLigi

Kwa wanaoandaa ligi, maoni yangu ni kwamba setapu iliyofungwa inafaa pale gari ni la aina moja tu. Mkichanganya GT3 za kampuni mbalimbali, kuna magari yanayopendeza na mpangilio wa mwanzo na mengine yanayoamka baada ya kurekebishwa. Mkifunga, watu wataligundua gari zuri ndani ya wiki na nusu ya washiriki watalihamia.

Mkiamua kufunga, ipimeni setapu ikiwa na tenki kamili na ikiwa karibu kuisha, kwa dereva mwenye kasi na dereva mgeni, na kwa joto lilelile litakalokuwa kwenye seva. Ongezeni bawa la nyuma hatua moja au mbili juu ya lile linalotoa muda bora. Mtapoteza kasi kidogo kwenye mnyooko, mtapata magari yanayomaliza mbio. Mafuta yaacheni huru kama programu inaruhusu, ili mbinu za pit (kusimama kujaza mafuta na kubadili tairi) zibaki.

TenkiNusu

Nyongeza ya mafuta. Mbio za dakika 30, mzunguko sekunde 110: 1800 gawanya kwa 110 ni 16.4, kwa hiyo mizunguko 17. Anayeongoza akipita mstari sekunde chache kabla saa haijaisha, inakuwa 18. Kwa lita 2.7 kwa mzunguko ni lita 48.6, ongeza 2 za mzunguko wa kujipanga kabla ya kuanza mbio kama upo. Weka 51 au 52. Anayejaza 70 "kwa usalama" anabeba karibu kilo 14 za bure, kwa sababu lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.75.

MlangoWaKona (mleta mada)

Shukrani wakuu. Na anayetoka setapu iliyofungwa kwenda huria, baada ya presha na mafuta aanze na nini?

DifuNaBawa

Mkuu, kwanza ajue tatizo linatokea wapi. Pua ikisukuma kona za polepole, legeza stabilaiza (fito inayozuia gari kulala upande) ya mbele hatua moja au kaza ya nyuma. Ikisukuma kona za kasi tu, hilo ni suala la upepo: punguza bawa la nyuma hatua moja au inua nyuma ya gari milimita 2. Ukiinua nyuma, tegemea gari kuwa na wasiwasi kwenye breki za kasi kubwa. Mkia ukikimbia unapoachia pedali ya mafuta kuingia kona, ongeza mkazo wa awali wa difu (preload). Ukikimbia unapokanyaga mafuta kutoka kwenye kona, legeza stabilaiza ya nyuma kabla hujaongeza kizuia mtelezo.

Badilisha kitu kimoja kila mara. Mizunguko sita, ya kwanza miwili usiihesabu, tairi bado baridi. Na kama muda wako unapishana zaidi ya nusu sekunde kati ya mizunguko, baki kwenye mbio za setapu iliyofungwa kwanza, maana mabadiliko ya hatua moja hutayaona ndani ya tofauti hiyo.

Setapu za kupakua nazo zina hila. Nyingi zimetengenezwa kwa mzunguko mmoja wa kufuzu (wa kutafuta nafasi ya kuanzia), mafuta lita chache, mkia mwepesi. Ukiweka lita 50 na tairi zikachakaa, gari linageuka lingine kabisa. Ukipakua, rekebisha presha na mafuta, ongeza bawa hatua moja, ndipo uijaribu kwa mizunguko 15 mfululizo.

Faili za ACC zinakaa kwenye Documents, folda ya mchezo, Setups, kisha gari na njia. Za iRacing zina mwisho wa .sto, ndani ya folda ya setups ya gari husika. Majina yake andika joto na mafuta, mfano "monza_24c_52L_mbio", ili usiichukue ya kufuzu ukiwa na haraka ya kupanga gridi.