Lifti kutoka Copenhagen hadi Hamburg: nianzie Folehaven, Karlslunde au Køge Nord?

Mtanga_Nørrebro

Wakuu, salaam. Kaka yangu ni baharia. Meli yao inafunga gati Hamburg Ijumaa ya wiki ijayo na inang'oa nanga Jumapili usiku. Hatujaonana tangu nilipoondoka Tanga, huu mwaka wa pili. Tiketi za treni zilizobaki mfuko wangu hauziwezi, kwa hiyo nitaomba lifti. Natoka Ijumaa alfajiri, begi moja mgongoni.

Nimebakiwa na sehemu tatu za kuanzia. Ya kwanza Folehaven, humu humu jijini, jirani na stesheni ya København Syd (wa zamani mnaijua kama Ny Ellebjerg). Ya pili Karlslunde, lile eneo la mapumziko lenye sheli kwenye barabara kuu, kama kilomita 25 kusini. Ya tatu Køge Nord, stesheni iliyojengwa kando kabisa ya barabara kuu. Halafu njia yenyewe nayo inanichanganya. Nishuke na barabara ya E47 mpaka bandari ya Rødby nivuke kwa feri hadi Puttgarden, upande wa Ujerumani, au nifuate barabara ya E20, nipite daraja la Storebælt, kisiwa cha Fyn na rasi ya Jylland, niingie Ujerumani kwa Padborg? Aliyewahi kupita naomba anielekeze, sina siku ya kupoteza.

DadaLund

Kaka, Folehaven iache. Mwaka juzi nilisimama pale asubuhi nzima na boksi nililoliandika HAMBURG kwa herufi kubwa. Magari ni mengi kweli, lakini ni ya watu wa Hvidovre na Roskilde wanaokwenda kazini na kurudi. Dereva anasoma boksi, anatikisa kichwa kwa huruma, taa ya kijani ikiwaka anaondoka. Yule mmoja anayekwenda mbali hana pa kusimama bila kupigiwa honi na walio nyuma yake.

Nilipochoka nikapanda S-tog, treni ya mjini, hadi Karlslunde, nikatembea, na nusu saa baada ya kufika nilikuwa ndani ya gari. Pale watu wamesimama kwa shida zao: mmoja anajaza mafuta, mwingine anakunywa kahawa, mwingine anamvalisha mtoto koti. Unasalimia, unauliza kama anaelekea kusini, naye anapata nafasi ya kukutazama usoni kabla ya kuamua. Hapa Skandinavia hilo lina uzito. Mtu ambaye asingesimamisha gari barabarani hata kwa jirani yake atakubali ukimwendea kwa adabu akiwa ametulia.

Fundi_Reli

Dada kasema kweli. Mimi niongeze kuhusu Køge Nord, maana napita pale kila siku. Ukiwa juu ya lile daraja la waenda kwa miguu, lililofunguliwa 2019, unaiona barabara kuu yote chini yako, unajiambia hapa ndipo. Sivyo. Wanaosimamisha magari Køge Nord ni watu wanaoyaacha kwenye maegesho asubuhi, wanapanda treni kwenda mjini, jioni wanachukua gari na kwenda nyumbani. Safari ya Hamburg haianzii pale.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Ukifika Køge barabara inagawanyika: E20 inakwenda magharibi, Ringsted, Slagelse, kisha daraja, E47 inaendelea kusini, Vordingborg, visiwa vya Falster na Lolland, hadi Rødby. Karlslunde iko kabla ya mgawanyiko huo. Ukianzia pale madereva wa njia zote mbili wanapita mbele yako, huna haja ya kuchagua njia ukiwa kitandani.

Ila sikiliza vizuri hapa. Stesheni ya Karlslunde iko upande wa bahari, mashariki ya barabara kuu. Magari yaendayo kusini yanapumzikia upande wa magharibi, Karlslunde Vest. Ukikosea ukaingia upande wa mashariki utakuta magari yote yanakwenda Copenhagen, na huwezi kukatiza. Vuka kwa daraja la barabara ya kawaida ukiwa bado mbali. Kutembea kwenye barabara kuu yenyewe ni marufuku Denmark, hata pembeni. Madereva watapiga simu na polisi watakuja. Kwa miguu kutoka stesheni tenga kama saa moja.

Mtanga_Nørrebro

Ahsanteni sana. Folehaven na Køge Nord nimezifuta. Imebaki feri au daraja.

Mzee_wa_Odense

Kijana, mimi nimefika nchi hii miaka ya themanini, na wakati ule daraja la Storebælt halikuwepo. Magari yalivuka kwa feri kutoka Halsskov hadi Knudshoved. Sisi tusio na gari tulikuwa tunakwenda pale kwenye foleni ya feri, tunapita gari hadi gari tukiuliza. Ilikuwa sehemu bora kuliko zote Denmark, kwa sababu hakuna dereva aliyekuwa na haraka, wote wanasubiri. Daraja lilipofunguliwa kwa magari 1998 mambo hayo yakaisha. Siku hizi mtu anapita juu ya maji kwa dakika chache bila hata kupunguza mwendo.

Rødby bado ni kama zamani. Feri zinaondoka kila baada ya nusu saa hivi, mchana na usiku, na kuvuka ni dakika 45. Katika dakika hizo 45 madereva wote wameacha magari chini, wamepanda juu, wamekaa mgahawani. Tumia muda huo! Hata kama aliyekubeba anaishia Puttgarden, unao watu wengine humo melini wanaokwenda Lübeck, Hamburg, Bremen. Na tiketi ya gari dogo huwa inajumuisha abiria wake, kwa hiyo humwongezei mwenyeji wako gharama.

Wanachimba handaki la kilomita 18 chini ya mlango ule wa bahari. Likikamilika feri hazitakuwa na kazi ile tena, na nafasi hii nayo itakwenda kama ya Storebælt. Ipite ungali kijana.

Neno moja la lugha: kuomba lifti kwa Kidenmark ni "at blaffe". Ukikutana na mtu wa umri wangu mwambie kwa Kidenmark chake kwamba unablaffe. Wengi wao walizunguka Ulaya hivyo wakiwa vijana, na hao ndio wanaosimama.

Dereva_wa_Padborg

Shikamoo Mzee. Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Naendesha lori, naijua njia ya Jylland kama chumba changu.

Feri ni nzuri mpaka ikukatae. Ukiteremka Puttgarden huna lifti, uko kwenye ncha ya kisiwa cha Fehmarn. Zamani treni iliingia ndani ya feri ikaendelea hadi Hamburg. Hilo lilikoma Desemba 2019. Na fahamu kwamba Wadenmark wengi wa Rødby hawaendi mbali. Wanavuka kununua bia na peremende za bei nafuu pale pale Puttgarden, kisha wanageuza. Wakienda gari ni tupu, wanakukaribisha kwa moyo mkunjufu, halafu safari yako inaishia dukani.

Njia ya E20 ni ndefu, karibu kilomita 470 hadi Hamburg ukilinganisha na kama 300 na kitu za feri. Lakini huwezi kukwama vibaya. Baada ya daraja kuna Knudshoved, katikati ya Fyn kuna Kildebjerg, kote kuna sheli na watu. Hatari iko Kolding: wengine wananyoosha Esbjerg, wengine wanapanda kaskazini kwenda Aarhus, wachache wanashuka na barabara ya E45 kuelekea mpakani. Usikubali kuteremshwa pale njia panda. Kama dereva wako haendi kusini, shuka Kildebjerg uombe mwingine.

Kuhusu sisi wa malori: kampuni nyingi zinatukataza kubeba abiria, kwa hiyo mtu akikataa usimwone mbaya. Tukiendesha saa nne na nusu sheria inatulazimisha kupumzika dakika 45, na mwendo wetu ni kilomita 80 kwa saa. Lori lenye pazia lililofungwa mtu amelala, msimgongee. Nawaomba hilo kwa niaba ya wote.

Mzee_wa_Odense

Marahaba mwanangu. La Puttgarden umesema kweli, nalikubali. Ndiyo maana nasema asisubiri kuteremka. Aombe lifti ya pili kabla feri haijafunga gati.

DadaLund

Kwa mtu mwenye siku tatu tu mimi namuunga mkono Mzee. Ningekuwa na wiki nzima ningefuata ya Dereva.

Mambo mawili nayasema kwa msisitizo. Beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, si picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na bandarini Puttgarden polisi wanaweza kusimamisha gari wakataka vitambulisho vya wote. Ukiwa huna, unamchelewesha mtu aliyekufanyia wema, na wewe unarudishwa.

La pili ni kwa dada zangu wanaosoma hapa. Mimi husafiri na mwenzangu, na kabla ya kuingia gari tunapiga picha namba za gari na kumtumia mtu nyumbani, mbele ya dereva, tukimwambia wazi. Mwenye nia njema hakasiriki. Moyo ukisita, sema umesahau kitu mgahawani na urudi ndani. Huna deni la kumweleza mtu sababu.

Fundi_Reli

Mei ni mwezi mzuri, giza linaingia baada ya saa tatu usiku. Desemba nisingekushauri, jua linazama kabla ya saa kumi. Na angalia namba za magari: kwenye ule ukanda wa bluu D ni Ujerumani, kisha HH ni Hamburg yenyewe, HL ni Lübeck. Anza na hao.

Mtanga_Nørrebro (Jumamosi)

Wakuu, nimefika. Naandika kwa simu ya kaka, yangu imezima chaji.

S-tog ya kwanza kwanza, nikashuka Karlslunde, nikavuka daraja la barabara kama Fundi alivyosema. Saa moja na robo asubuhi nilikuwa Karlslunde Vest. Watu tisa walinikataa, wote kwa upole. Wa kumi walikuwa mume na mke wazee, gari lenye namba za DK, yaani Denmark, nyuma hakuna mzigo wowote. Nikakumbuka maneno ya Dereva, nikauliza mapema: mnaishia wapi? Puttgarden, bia. Nikasema ahsante, nitapanda. Nilipowaambia nablaffe mama yule akacheka mpaka akapiga usukani, akasema 1974 alifika Uturuki hivyo.

Melini sikukaa hata kidogo. Nilizunguka mgahawani na boksi langu dogo kifuani. Baba mmoja hakutaka hata kunisikiliza. Dada mmoja wa Lübeck alikuwa peke yake na kiti cha mtoto kitupu. Alinisikiliza, akaomba kuona kadi yangu ya shule, akaipiga picha, akamtumia mumewe. Nikasema ni haki yake. Polisi walitusimamisha bandarini, pasipoti na kadi, dakika mbili tukapita. Alinishusha stesheni ya Lübeck, na kutoka pale hadi Hamburg nililipa treni ya mkoa, chini ya saa moja. Saa nane mchana nilikuwa nimemkumbatia kaka. Amenenepa.

Kesho narudi. Nianzie wapi?

Dereva_wa_Padborg

Hongera sana ndugu yangu, umetufurahisha. Kesho Jumapili malori makubwa hayaruhusiwi barabarani Ujerumani hadi saa nne usiku, kwa hiyo usitutegemee. Usisimame jijini. Nenda Buddikate, eneo la mapumziko kwenye barabara kuu ya A1 karibu na Bargteheide, upande wa magari yaendayo Lübeck. Ondoka mapema mchana, familia zinarudi nyumbani muda huo. Kwenye ukanda wa bluu tafuta DK, au S ya Sweden, na mpe kaka salamu zetu.