Helmeti ya helikopta imeanguka, bado inafaa?

Dogo wa Majengo (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Nasaidia kupakia na kushusha vifaa vya helikopta inayotoa wagonjwa mlimani. Jana jioni helmeti ya mhudumu wa nyuma iliniponyoka juu ya pikapu ikatua kwenye zege, utosi chini. Ndani nilikuwa nimetumbukiza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nje naona mchubuko wa rangi tu. Mwenzangu anasema niipanguse ninyamaze. Moyo umekataa. Inafaa?

Fundi Kisongo
Kijana, usinyamaze. Ganda la nje linaweza kukudanganya. Kazi kubwa iko kwenye povu gumu la ndani: kichwa kikigonga, povu linabonyea, linakula nguvu kabla haijafika kwenye fuvu. Likishabonyea limekwisha. Maabara huivisha helmeti kichwa cha bandia chenye kipima mshtuko, wanaidondosha juu ya chuma, wanasoma kilichofika ndani. Ikianguka tupu, mara nyingi povu huumia kidogo, maana hakuna kinacholisukuma. Yako ilikuwa na kilo moja na nusu! Vua bitana, pitisha kidole gumba utosini, taratibu.

Mama Neema
Samahani fundi, si wanafunga mikanda? Helmeti ya nini tena?

Fundi Kisongo
Mama, mkanda unashika kiwiliwili, kichwa hakifungwi. Kwa kanuni za Marekani, kiti cha helikopta ya muundo mpya hujaribiwa kwa mshtuko wa mbele unaofika mara 18.4 ya uzito. Mtu wa kilo 70 anaivuta mikanda kama mzigo wa karibu tani 1.3. Wa mabega ukilegea, kifua kinakwenda mbele na uso unafuata mpaka kwenye chuma. John Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1954 alijifunga kwenye kigari cha roketi, kikasimamishwa toka kilomita zaidi ya 1,000 kwa saa kwa sekunde 1.4 hivi. Macho yalivia damu, lakini alipona, kwa sababu mikanda ilimkaza kila mahali. Hilo huwa nawaambia vijana wangu kila nikikuta mkanda wa bega unaning'inia.

Dogo wa Majengo (Moshi)
Shikamoo fundi. Nimevua bitana. Utosini kuna kishimo cha duara, sawasawa na kizibo cha chupa. Nimeifunga utepe mwekundu na kumweleza rubani. Cha kwanza kuniuliza ni kama kuna aliyeruka nayo leo asubuhi. Hakuna.